Namna ya Kukagua na Kusoma Kikombe cha Kiingereza cha Udongo Mgumu Kilichomo Zidakani

Katika nyumba za kale za Mkomani, mjini Lamu, jicho la mgeni huvutwa kwanza na sahani za kaure zilizopangwa kwenye zidaka za ndani, na si ajabu livutwe nazo. Hata hivyo, hutokea kati ya sahani hizo kukawa na chombo kisichofanana na wenzake: kikombe kikubwa cha rangi ya kahawia, kizito, chenye mkono mmoja, kilichobandikwa ubavuni mbwa, farasi na kulungu wa udongo, au kilichoandikwa jina la mtu asiyejulikana na yeyote nyumbani, pamoja na mwaka. Huenda hicho kikawa chombo cha kunywea kilichofinyangwa Uingereza kwa udongo mgumu uliochomwa kwa moto mkali, na mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kukikagua, kukisoma, kukisafisha na kukiandikia kumbukumbu kabla ya kuamua lolote juu yake.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: maandishi yasomwe mwisho. Wengi hukimbilia jina na mwaka, wakaamini walichokiona, na wanunuzi wanaopita mjini wanalijua hilo vyema. Jina linaweza kuchongwa na mtu yeyote wakati wowote, ilhali udongo, utando wake wa kioo na alama za mkono wa mfinyanzi zilimalizika siku ile tanuri lilipopoa. Kwa hiyo udongo uulizwe kwanza, kisha mapambo, kisha alama za vipimo na za kiwanda, na maandishi yaje baada ya hayo yote.

Udongo na utando

Tandika mkeka au blanketi kiwandani, yaani katika ua wa ndani wa nyumba, asubuhi, wakati jua linaingia kwa mshazari, kisha ukichukue chombo kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine tumboni. Usikinyanyue kwa mkono wake hata kama unaonekana imara, kwa sababu mkono huo ulifinyangwa peke yake na kugandishwa kwa uji wa udongo, na pale ulipogandishwa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pengine popote.

Kigeuze utazame kitako, mahali pasipo utando wa kioo. Udongo mgumu huchomwa kwa joto la kati ya nyuzi 1,200 na 1,300 za Selsiasi, na katika joto hilo chembe zake huyeyuka kiasi na kushikamana hata maji yasipate njia. Weka tone la maji juu ya sehemu iliyo wazi, ulitazame kwa dakika chache. Likibaki limejikusanya, udongo ni mgumu. Likinyonywa na kuacha doa jeusi, chombo hicho ni cha udongo wa kawaida uliochomwa kwa moto mdogo zaidi, hata kama kinang'aa juu. Kisha elekeza tochi ya simu ndani ya kikombe. Kaure nyembamba hupitisha mwanga, lakini udongo mgumu kwa kawaida hauupitishi.

Sasa tazama uso wake. Vyombo vingi vya aina hii vilipewa utando wao kwa chumvi ya kawaida: moto ulipofika kileleni, mfinyanzi aliitupa chumvi ndani ya tanuri, ikageuka mvuke, na sodiamu iliyomo ikaungana na silika, yaani madini ya mchanga yaliyomo katika udongo, ikafanya kioo chembamba juu ya kila chombo. Kioo hicho mara nyingi huwa na vishimo vidogovidogo, kama ganda la chungwa, na ukipitisha kidole utavihisi kabla hujaviona. Utando wa chumvi hautandi sawa kila upande, kwani upande uliokabili mvuke hung'aa zaidi, na uliozibwa na chombo jirani hubaki mkavu. Utando ukiwa laini kabisa na sawa pande zote, basi fikiria njia ya baadaye iliyobuniwa Bristol na William Powell mwaka 1835, ambapo chombo kilichovywa katika uji wa utando ulioandaliwa na hakikuhitaji chumvi tena. Njia hiyo ilienea sana kwenye chupa za vinywaji na mitungi ya kuhifadhia, na chombo chenye utando wa namna hiyo hakiwezi kuwa cha karne ya 18, hata kiandikwe mwaka gani.

Kuzitambua jamaa za vyombo

Waingereza walichelewa katika kazi hii. Kwa muda mrefu walinunua vyombo vya udongo mgumu kutoka Ujerumani, hasa vile vya miji ya bonde la mto Rhine, hadi John Dwight alipopewa hataza ya kifalme mwaka 1672 na kuanzisha kazi yake Fulham, kando ya London. Kutoka hapo ufundi ukaenea, na kila mahali ukapata sura yake.

Vikombe vya Fulham na vya watu wa London waliofuata nyayo zake hutambulika kwa rangi mbili, kwa kuwa nusu ya juu ilichovywa katika uji wa udongo wenye chuma ikawa kahawia iliyokoza, na nusu ya chini ikaachwa na rangi ya kijivu au ya asali. Juu yake hubandikwa picha ndogo zilizotolewa kwenye kalibu: mbwa wakimfukuza sungura au kulungu, miti, vinu vya upepo, wanywaji waliokaa na mitungi yao. Nottingham, ambako James Morley alikuwa akifanya kazi tangu miaka ya 1690, ni tofauti kabisa. Vyombo vyake ni vyembamba, vimekerezwa kwa ustadi, vina rangi ya kahawia yenye mng'ao unaokaribia ule wa madini, uso wake ni laini kuliko wa London, na mapambo yake ni maua na mistari iliyochorwa kwa ncha kali udongo ungali mbichi. Kazi hiyo ilikoma Nottingham kiasi cha mwaka 1800. Kwa maoni yangu hivi ndivyo vizuri kuliko vyote, na anayekutana na kimoja chenye mikono miwili na jina la bibi na bwana harusi amekutana na kitu cha thamani ya kweli.

Jamaa ya tatu ni ya Staffordshire. Huko wafinyanzi walichanganya udongo mweupe wa kusini mwa nchi na unga wa gumegume lililochomwa, wakapata chombo cheupe kilichovuma baina ya miaka ya 1720 na 1780. Baadhi yake kilichorwa kwa ncha ya sindano na mikwaruzo ikajazwa kobalti, na baada ya kuchomwa ikawa mistari ya buluu. Chombo cha namna hii kikiwa zidakani ni rahisi kudhaniwa kuwa kaure. Tochi ya simu itakutoa katika shaka.

Kisha kuna Lambeth, ukingoni mwa mto Thames, na huko ndiko vilikotoka vyombo vingi vya karne ya 19. John Doulton aliingia ubia mwaka 1815 na Martha Jones na John Watts, na kampuni ikahamia Lambeth baadaye ikaendelea kutoa majagi na vikombe vya wawindaji kwa zaidi ya miaka mia moja. Hapa panahitaji uangalifu. Kalibu za mbwa na kulungu zilirithiwa na kurudiwa kizazi baada ya kizazi, tena si Doulton peke yake aliyezitumia. Kabla yake Joseph Kishere wa Mortlake alitoa vikombe vinavyofanana navyo sana. Kwa hiyo picha ya uwindaji haitoi mwaka. Inakupa jamaa ya chombo, basi. Ukikuta badala ya kibandiko kuna wanyama waliochorwa kwa mkono katika udongo mbichi, mistari yao ikiwa hai na isiyorudiwa, tazama chini kama kuna herufi BHB zilizofungamanishwa, kwani hiyo ni alama ya Hannah Barlow, mmoja wa wasanii waliotoka Shule ya Sanaa ya Lambeth na kufanya kazi kwa Doulton tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870.

Vyombo hivi vilikusudiwa hasa bia, na picha za wanywaji zilizobandikwa juu yake hazina siri. Watu wengi wa Lamu wangependa kulijua hilo kabla ya kuamua chombo kikae wapi nyumbani, na ni haki yao waelezwe waziwazi na anayekikagua. Udongo wake haunyonyi kitu, kwa hiyo huoshwa ukatakasika kama kioo kinavyooshwa. Mahali pake pa kukaa ni uamuzi wa wenye nyumba.

Mhuri wa kipimo na alama za kiwanda

Chini kidogo ya mdomo wa kikombe, karibu na mkono, tafuta mhuri mdogo wa taji na herufi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1700 iliyotaka vyombo vya kuuzia bia viwe vya kipimo halali na vigongwe mhuri, na kwa kuwa mfalme wa wakati huo alikuwa William wa Tatu, mhuri ulikuwa wa taji na herufi WR, kifupi cha William Rex, yaani Mfalme William. Wengi wameukosea mhuri huu. Mfalme alifariki mwaka 1702, lakini herufi zake ziliendelea kugongwa kwa miongo mingi baada yake, kwa hiyo WR inakwambia kwamba chombo si cha kabla ya sheria hiyo, wala haikwambii zaidi. Mhuri wenye VR, taji na nambari ni wa enzi ya Malkia Victoria, na nambari za wilaya za wakaguzi zilianza kutumika baada ya sheria ya vipimo ya mwaka 1878.

Ujazo nao una ushahidi wake. Weka kikombe juu ya mizani ya jikoni, uirudishe sifuri, kisha ujaze maji safi mpaka ukingoni na usome uzito, kwani gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja. Painti ya zamani ya bia ilikuwa na mililita 578 hivi, na painti mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1826 ina mililita 568. Tofauti ni ndogo, na udongo hujikunja tanurini kiasi ambacho mfinyanzi hakuweza kukikadiria barabara, kwa hiyo usijenge hukumu juu ya mililita chache. Hata hivyo, kipimo hiki kikiungana na ushahidi mwingine, huuimarisha. Usikifanye kabisa ikiwa chombo kina ufa.

Alama za kiwanda huwa kitakoni, zimegongwa katika udongo mbichi. Jina Doulton & Watts ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1850 kumalizika. Neno la Kiingereza linaloitaja nchi, yaani England, lilianza kuonekana kwa wingi kuanzia mwaka 1891, kwa sababu ya sheria ya forodha ya Marekani iliyotaka bidhaa zionyeshe zilikotoka, na viwanda vikaona wepesi kuligonga kwenye kila kitu. Jina Royal Doulton ni la baada ya kampuni kupewa idhini ya kifalme mwaka 1901. Kiwanda cha Lambeth kilifungwa mwaka 1956. Vyombo vya karne ya 18 aghalabu havina alama yoyote ya mfinyanzi, na kukosekana kwake si kasoro.

Ikiwa mdomo umevishwa pete ya fedha, isome kwa kioo cha kukuzia. Fedha halali ya Uingereza hugongwa simba anayetembea, alama ya mji wa upimaji, ambayo kwa London ni kichwa cha chui na kwa Birmingham ni nanga, pamoja na herufi ya mwaka. Pete yaweza kuwa imevishwa baadaye, kuziba mdomo uliomeguka, kwa hiyo inatoa mwaka wa pete tu.

Maandishi

Sasa ndipo pafikiwe penye maandishi. Washa tochi ya simu, uilaze karibu kabisa na uso wa chombo ili mwanga upite juu ya herufi kwa ubavu, na ukague kila herufi kwa kioo cha kukuzia kabla hujajaribu kuisoma. Swali la kwanza ni kama herufi ziliandikwa kabla ya chombo kuchomwa au baada. Zilizoandikwa udongo ukiwa mbichi zina kingo za duara, mara nyingine kuna kijivimbe cha udongo uliosukumwa pembeni na ncha, na kioo cha utando kimeshuka ndani ya mikwaruzo kikaifunika. Zilizochongwa baada ya kuchomwa zimekata utando. Kingo zake ni kali, zimemeguka vipande vidogo, na sakafu ya herufi ni kavu isiyong'aa. Si kila mchongo wa baadaye ni udanganyifu, kwa maana wapo walioandikisha majina yao kwa heshima tu, lakini chombo cha kawaida cha karne ya 19 kilichochongwa mwaka wa karne ya 18 ni kitu cha kukaa nacho mbali.

Katika vikombe vya London vya karne ya 18 utaona pia herufi zilizosimama sawasawa kama za kitabu, kila moja imezama kwa kina tofauti kidogo. Hizo ziligongwa moja moja kwa herufi za wachapaji, mara nyingine zikapakwa rangi ya chuma. Kupinda kwa mstari na kutolingana kwa kina ni dalili njema.

Katika kusoma, kumbuka desturi za waandishi wa wakati ule. Herufi ya s katikati ya neno mara nyingi iliandikwa ndefu, ikafanana na f isiyo na mstari kamili wa kati. Herufi ya I ilisimama badala ya J. Majina yalifupishwa, Wm likiwa William, Thos likiwa Thomas na Jno likiwa John, huku herufi ya mwisho ikipandishwa juu. Herufi tatu zilizopangwa pembetatu ni za mume na mke: ya juu ni ya ukoo, ya kushoto ni ya mume, ya kulia ni ya mke. Tarehe nazo zina mtego, kwa sababu hadi kabla ya mwaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, na siku za Januari na Februari zilihesabiwa bado katika mwaka uliotangulia. Kikombe kilichoandikwa Februari 1723 kwa hesabu yao huenda ni Februari 1724 kwa hesabu yetu, na ndiyo maana baadhi yao waliandika miaka miwili kwa pamoja.

Herufi zilizofifia zinakilike hivi: funika maandishi kwa karatasi nyembamba, uishike isisogee, kisha upitishe penseli laini kwa ubapa wake bila kukandamiza. Usifanye hivyo juu ya rangi inayobanduka. Andika ulichokiona hivihivi kilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, na pale herufi isipoonekana weka nukta badala ya kuikisia.

Kusafisha

Hewa yetu ya chumvi haiudhuru sana udongo huu, lakini inakula pete za fedha na vifuniko vya madini, na vumbi la chokaa la kuta hujaza mikwaruzo ya mapambo. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Mchanga, jivu, waya wa kusugulia na dawa ya kung'arishia nguo visikaribie. Nasema hivi nikijua kwamba ndimu na ukwaju ndivyo vinavyong'arisha masinia yetu ya shaba, lakini asidi yake itaingia chini ya pete ya fedha na ndani ya nyufa, na haitoki. Chombo kilichovunjika kisiunganishwe kwa gundi ya dukani inayokauka papo hapo. Vipande vifungwe kila kimoja katika kitambaa cha pamba, viwekwe pamoja. Kilichotolewa ardhini au baharini kisisafishwe kabisa, bali taarifa itolewe bila kukawia Makumbusho ya Lamu yaliyoko pwani mwa mji.

Kumbukumbu na sheria

Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Lizingatie neno kuingizwa. Yote yaliyotangulia hapa yanatuambia chombo kilifinyangwa lini na wapi, lakini hayasemi kilifika Lamu lini. Kikombe cha Nottingham cha mwaka 1760 chaweza kuwa kililetwa na afisa wa kikoloni mwaka 1930, na jagi la Lambeth la mwaka 1885 laweza kuwa lilishuka jahazini mwaka uleule. Anayelijua hilo ni mwenye nyumba, na mara nyingi ni bibi aliyekaribia miaka tisini ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kwa hiyo keti naye kabla hujashika mizani. Mwulize chombo alikikuta wapi alipoingia nyumba hii, kilitoka kwa nani, kama kiliwahi kuhamishwa kidaka, kama kulikuwa na mwenzake kilichovunjika, na nani mwingine aliye hai anayekikumbuka. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na jina la aliyeuliza na tarehe, bila kuyanyoosha yaafikiane na ulichokiona kitakoni. Maneno na udongo vikipingana, viandike vyote viwili.

Upande wa pili wa karatasi uandike urefu wa chombo, upana wa mdomo na wa kitako, uzito, ujazo kama ulipimwa, rangi, kila ufa na kila mmeguko, na nakala ya maandishi. Piga picha za pande zote nne, ya ndani, ya kitako na ya maandishi kwa mwanga wa ubavuni, rula ikiwa imewekwa kando. Nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba pamoja na hati zake, ya pili ipelekwe makumbusho kwa ridhaa yake, na nambari ya chombo iandikwe kwenye kipande cha karatasi kinachowekwa ndani ya kikombe, kisibandikwe kwa gundi kitakoni.